Wanachama Saba Wasioonekana

Jumapili moja ya mwezi wa tano, akina mama saba walibaki wamesimama katika ua wa shangazi yangu, Kibagabaga, kila mmoja na noti yake ya faranga 5,000 mkononi. Wenzao ishirini walikuwa wamekwisha kuitwa, wakatoa mchango, wakarudi kuketi. Shangazi alisogeza orodha ya majina kwenye kompyuta mpaka ikagota, akainua macho, akasema, "Majina yameisha." Programu aliyokuwa akiisoma niliiandika mimi.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu saba walivyopotea ndani ya dirisha la kompyuta huku wenyewe wamesimama mbele ya macho yetu, na jinsi nilivyowapata. Wenzangu wa darasa la Kiswahili wasiogope. Hakuna hesabu ngumu humu, na kosa kubwa lilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi. Isitoshe, nusu ya kosa hilo sikuielewa kwa elimu ya kompyuta. Niliielewa kwa yale tunayofundishwa darasani kuhusu viambishi na mizizi ya maneno.

Kibagabaga ni seli katika sekta ya Kimironko, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Wengi huifahamu kwa sababu ya hospitali iliyoko huko. Upande wa juu wa mlima kuna nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu na maua malangoni. Ukiteremka kuelekea bondeni, nyumba zinapungua kimo na watu wanaongezeka. Shangazi anaishi huku chini. Majirani zake wengi ni akina mama wanaouza viazi, ndizi, maharagwe na nguo za mitumba, baadhi yao katika soko la Kimironko, wengine kando ya njia. Wana chama chao cha kuweka akiba kwa zamu, ambacho kwa Kinyarwanda tunakiita ikimina. Watanzania wangekiita upatu au mchezo. Kila Jumapili baada ya ibada kila mwanachama hutoa faranga 5,000, na mmoja wao, ambaye zamu yake imefika, huondoka na fedha zote. Kwa wanachama 27 hizo ni faranga 135,000. Kwa mtu anayenunua viazi kwa gunia na kuviuza kwa kilo, fedha hizo zikija kwa mkupuo huweza kubadilisha mwezi mzima.

Shangazi ndiye mweka hazina. Alizaliwa Biryogo, upande wa Nyamirambo, mtaa ambao watu wake wamezungumza Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na baadhi ya wanachama wenzake walitoka Bukavu na Bujumbura. Kwa hiyo mikutano yao huanza kwa Kinyarwanda, hugombana kwa Kiswahili, na kufungwa kwa sala kwa lugha zote mbili. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda ilipopitishwa mwaka 2017, uani kwa shangazi haikubadilisha kitu. Lugha ilikuwa imekwisha kufika.

Kwa miaka sita shangazi aliandika michango katika daftari la kurasa 96. Mimi nilisoma sekondari ya ufundi, mchepuo wa kuandika programu, kabla sijaja chuoni kusoma Kiswahili. Likizo ya Desemba nilimwona akipiga hesabu kwa mshumaa umeme ukiwa umekatika, nikamwambia, "Shangazi, daftari la nini zama hizi? Nitakuandikia programu." Alisita. Nikamshawishi. Nasema wazi kwamba nilimshawishi, kwa sababu baadaye lawama zilipokuja zilimwangukia yeye.

Niliiandika programu kwa Java, nikitumia mkusanyiko wa vifaa vya kujengea madirisha uitwao Swing. Swing ilikuja pamoja na toleo la Java 1.2 mwaka 1998, kabla mimi sijazaliwa, na wanafunzi wengi huicheka kwamba imezeeka. Lakini haihitaji intaneti, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu kama ya shangazi, kile kikompyuta mpakato cha skrini ndogo alichopewa na mwanawe. Upande wa kushoto wa dirisha niliweka orodha ya majina. Upande wa kulia niliweka fomu: mwanachama huyu ametoa kiasi gani, anadaiwa nini, zamu yake ni lini. Vitufe vyote niliviandika kwa Kiswahili: Ongeza, Hifadhi, Ondoa. Shangazi aliomba herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, nikazikuza.

Kuijaribu, niliingiza majina 12 ya kubuni. Nilikuwa na kitabu cha sarufi mezani, nikayachukua humo: Asha Juma, Ali Hamisi, Fatuma Ali. Orodha ilionekana fupi, ikaniudhi. Nilitaka isimame ndefu na nadhifu pembeni mwa fomu kama nilivyoona katika programu za watu wengine. Nikaandika amri iitwayo setPreferredSize, yaani nikaiambia orodha: ukubwa wako unaopendelea ni upana wa pikseli 180 na urefu wa pikseli 480. Kila jina lilichukua kimo cha pikseli 24. Sikupiga hesabu. Ningegawanya 480 kwa 24, ningepata 20, na insha hii isingeandikwa.

Kuanzia Januari hadi Pasaka chama kilikuwa na wanachama 19, na kila kitu kilikwenda vizuri. Baada ya Pasaka wakajiunga wanane wapya. Programu hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo wageni waliingia katikati ya wenyeji na kuwasukuma chini. Mwanachama mmoja wa tangu mwanzo, muuza viazi, alikuwa wa 17 katika orodha. Sasa akawa wa 24. Jina lake halisi sitaliandika hapa, ingawa kisa chote kinahusu jina hilo. Nitamwita Mama Viazi, kama watoto wa mtaani wanavyomwita. Inatosha kusema kwamba jina lake linaanza na U, kama majina mengi ya wanawake wa kwetu: Uwimana, Uwase, Umutoni, Uwamahoro.

Turudi uani. Shangazi aliposema majina yameisha, kwanza kulikuwa na kicheko. Wale wapya miongoni mwa saba walidhani labda bado hawajaandikwa sawasawa. Mama Viazi hakucheka. Alikuwa ametoa mchango tangu Januari bila kukosa hata wiki moja, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imebaki Jumapili mbili.

"Nisome," akasema.

Shangazi akarudisha orodha juu, akaisoma tena, jina kwa jina, kidole kikifuata skrini. Akafika la ishirini. Akajaribu kusogeza zaidi. Upau wa kusogezea ulikuwa umefika chini kabisa. "Haumo," akasema, na nilisikia sauti yake ikikauka.

Nyuma ya viti mtu mmoja akanong'ona kwa Kiswahili, kwa sauti iliyotaka kusikika: "Zamu ikikaribia, jina linatoweka." Hakuna aliyeitikia, na hakuna aliyekanusha. Shangazi alishika fedha za wenzake kwa miaka sita bila hata senti moja kupotea. Sasa alikaa mbele ya mashine niliyompa mimi, akitazamwa kama mwizi.

Nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Nilitoka mbio nikiwa bado nimeshika kijiko. Nilipoitazama skrini, nikaona jambo lililonichanganya zaidi: juu ya orodha paliandikwa "Wanachama: 27." Programu ilijua idadi kamili ya watu ambao haikuwaonyesha. Nikafungua faili lenyewe ambamo programu huhifadhi kumbukumbu. Majina yote yalikuwamo, pamoja na kila mchango wa Mama Viazi tangu Januari.

"Wamo wote," nikamwambia shangazi kwa furaha ya kijinga.

"Kama wamo," akajibu, "mbona siwaoni?"

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kompyuta, na siku ile sikuwa na jibu. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Akina mama hawa walikuwepo, na lao lilikuwepo ndani ya faili, lakini mbele ya mkutano halikuwepo, na mkutano huamua kwa kinachoonekana. Shangazi alichukua karatasi, akaandika majina saba kwa mkono, akapokea michango sita. Mama Viazi aliikunja noti yake akairudisha ndani ya kitenge.

"Nitalipa jina langu likionekana," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Binti, mimi si mtu wa kugombana. Lakini nilikuwamo, sasa simo. Nitafutie nilipo."

Niliahidi kwamba Jumapili inayofuata atajiona.

Jumatatu nilinakili faili, nikaenda nalo chuoni, nikafungua programu katika maabara ya kompyuta. Majina yote 27 yakatokea, kamili, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Nilipumua. Nikataka kumpigia shangazi simu nimwambie kwamba kwangu inafanya kazi. Nadhani kila mwandishi wa programu amewahi kuisema sentensi hiyo, na mtumiaji hapati msaada wowote kwayo. Sikupiga simu. Jioni nilipanda pikipiki mpaka Kibagabaga, nikaifungua programu ileile, faili lilelile, kwenye kompyuta ya shangazi. Majina 20.

Tofauti ilikuwa skrini. Ya maabara ilikuwa kubwa, ya shangazi ndogo. Lakini udogo peke yake haukutosha kueleza, kwa maana kazi ya upau wa kusogezea ni hiyohiyo: kukuwezesha kufikia usichokiona. Na upau ulikuwepo, ulisogea, ila uligota mapema.

Nilikaa mpaka saa nne za usiku nikisoma msimbo wangu bila kuona kosa. Kisha, kwa kuchoka tu, nikachagua jina la ishirini na kubonyeza mshale wa chini kwenye kibodi. Rangi ya buluu iliyokuwa juu ya jina hilo ikatoweka. Orodha haikusogea. Lakini fomu ya upande wa kulia ikabadilika: ikaonyesha michango ya mtu mwingine. Nikabonyeza tena, mtu mwingine tena. Mara ya nne, fomu ikajaa safu ya 5,000, 5,000, 5,000, kuanzia Januari bila pengo. Nilikuwa nimemchagua Mama Viazi. Alikuwa pale chini ya mwisho wa orodha, mahali ambapo jicho haliwezi kufika lakini mshale unafika.

Hapo nikaelewa. Naomba msomaji afikirie mkeka mrefu ulioning'inizwa nyuma ya dirisha dogo. Mkeka una majina yote. Dirisha linakuonyesha kipande tu, nawe unauvuta mkeka juu au chini ili usome kipande kingine. Katika Swing mkeka ni kifaa kiitwacho JList, na dirisha ni JScrollPane. Ili dirisha lijue mkeka uvutwe mpaka wapi, linauuliza: una urefu gani? Ukiuacha mkeka ujipime wenyewe, utahesabu majina na kujibu kweli. Yakiwa 19 utajibu 456. Yakiwa 27 utajibu 648. Mimi nilikuwa nimeufunga mdomo. Kwa amri ile moja niliulazimisha kujibu 480 siku zote, hata majina yakiwa elfu. Dirisha likaamini. Likauvuta mkeka mpaka pikseli ya 480, likasimama, na majina saba yakabaki chini.

Na kwa nini maabara haikuonyesha kosa? Kwa sababu dirisha likiwa refu kuliko urefu ambao mkeka umeutaja, Swing huunyoosha mkeka ulijaze dirisha. Kwenye skrini kubwa dirisha lilizidi 480 kwa mbali, mkeka ukanyooshwa, majina yote yakapata nafasi. Hivyo programu yangu ilimfaa mwenye skrini kubwa na kumficha mtu kwa mwenye skrini ndogo. Mimi niliyeiandika nilikuwa wa kundi la kwanza, na shangazi niliyemwandikia alikuwa wa kundi la pili.

Nikaifuta amri ile. Nilitegemea dirisha litaharibika umbo. Halikubadilika hata kidogo. Urefu nilioupenda ulikuwa ukitokana na mpangilio wa dirisha zima, ambao huipa orodha nafasi yote iliyobaki kwenda chini. Amri yangu haikuwa imechangia chochote katika uzuri ule. Kazi yake pekee tangu Desemba ilikuwa kusema uongo, na uongo huo ulingoja mwanachama wa 21 ndipo uonekane. Nikasogeza orodha. Ikapita ishirini, ikapita Mama Viazi, ikafika 27.

Ningeweza kulala hapo. Lakini sasa nilikuwa nikiitazama orodha kama mtu aliyewahi kudanganywa, na nikakumbuka jambo la pili. Kabla sijaifuta amri ile, karibu na katikati kulikuwa na mistari miwili inayofanana, moja chini ya nyingine, kila mmoja ukiishia kwa vidoti vitatu: Nyirahabima… na Nyirahabima…

Inanipasa kueleza majina yetu kwa msomaji asiye Mnyarwanda. Kwa desturi hatuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda, na katika orodha rasmi hilo ndilo hutangulia, kisha hufuata jina la ubatizo. Majina mengi ya wanawake huanza na Nyira- au Muka-, na mengi ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa neno moja. Majirani wawili wasio na udugu wowote wanaweza wote kuitwa Nyirahabimana, na kinachowatenganisha ni lile jina la pili. Nilikuwa nimeipa orodha sehemu moja tu ya tano ya upana wa dirisha. Kwa skrini ndogo na herufi kubwa alizoomba shangazi, jina la pili halikupata nafasi. Swing, maandishi yasipoenea, huyakata mwishoni na kuweka vidoti vitatu. Kwa Asha Juma na Ali Hamisi hilo halikutokea hata mara moja.

Hapa ndipo masomo yetu yaliponisaidia. Tunafundishwa kwamba katika lugha za Kibantu viambishi vingi hutangulia na mzizi hufuata. Chukua neno "waliomwandikia" ulikate liwe "waliom…" na umebaki na watu, wakati uliopita na mtendewa, lakini hujui walimfanyia nini. Wangeweza kumpiga au kumpikia. Majina yetu yana umbile hilohilo. Ukiyakata mwishoni, unabakiza kile ambacho wengi wanachangia na kutupa kile kinachomtenga mmoja na mwingine. Aliyeamua kwamba maandishi marefu yakatwe mwishoni hakutukusudia ubaya. Labda aliona ni kawaida kwamba mwanzo wa neno ndio wenye habari. Lakini mimi ni Mnyarwanda na mwanafunzi wa Kiswahili, na nilipaswa kujua. Nilijaribu programu ya akina mama wa Kibagabaga kwa majina ya kitabuni, mafupi na mepesi, ya watu ambao hawapo.

Nilimwamsha shangazi. Ilikuwa karibu saa sita za usiku. Tukafungua michango ya wale wawili, mmoja baada ya mwingine, tukalinganisha na kumbukumbu yake, ambayo ni nzuri kuliko ya kompyuta yoyote. Wiki mbili za mwezi wa nne mchango wa mmoja ulikuwa umeandikwa kwa mwenzake. Aliyeonekana hajatoa alitozwa faini ya faranga 500 kila wiki, akalipa bila kubisha kwa sababu mashine ilisema anadaiwa. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu.

"Yule mama alilipa faini mbili," akasema, "akaniomba radhi."

Kurekebisha kulikuwa kwepesi kuliko kuyasikia maneno hayo. Nilimega nafasi ya fomu, nikaipa orodha theluthi moja ya upana. Kwa kuwa sasa mkeka ulikuwa ukijipima wenyewe, jina likizidi upana, upau wa kusogeza kwenda kulia ungetokea chini, na jina lisingekatwa tena. Kwenye kila mstari niliongeza namba, ili mtu akisoma la 20 huku juu pameandikwa 27, ajue kuna watu saba bado. Nikahakikisha pia kwamba dirisha likipunguzwa, kitakachobanwa kwanza ni fomu, na orodha ibaki inasomeka. Kisha nikaijaza orodha ya majaribio kwa majina 60 ya Kinyarwanda, marefu kadiri nilivyoweza kuyakumbuka, mengine yakilingana mpaka herufi ya mwisho. Nikaijaribu kwenye kompyuta ya shangazi, skrini ya shangazi, herufi za shangazi. Kule maabara sikurudi.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya mkutano kabla ya majina kuitwa. Shangazi alitaka kusema yeye, nikamwomba aniachie. Nikawaambia kwamba jina halikufutwa na mtu yeyote, kwamba shangazi hakugusa kitu, na kwamba kosa ni langu tangu Desemba. Nikaeleza habari ya mkeka na dirisha. Walielewa upesi kuliko wanafunzi wenzangu wa sekondari. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mkeka ulikuwa mrefu, wewe ukautangaza mfupi?" Nikasema ndiyo. "Ulidhani hatutaongezeka," akasema. Hakukasirika, alikuwa akinisaidia kueleza. Mama aliyetozwa faini alirudishiwa faranga zake 1,000 mbele ya wote, na safari hii sisi ndio tuliomwomba radhi.

Mama Viazi akaja kwenye kompyuta. Hakutaka asomewe. Nilimwonyesha jinsi ya kusogeza kwa vidole viwili, akasogeza taratibu, midomo ikitikisika kwa kila jina, akipita majirani zake mmoja mmoja. Alipojifikia, akaweka kidole juu ya skrini, akakiacha hapo kitambo. Kisha akafungua kitenge akatoa noti mbili, ya wiki iliyopita na ya siku ile.

"Niko chini sana," akasema.

"Ni alfabeti, mama. Jina lako linaanza na U."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

Akafikiri. "Shuleni nilikuwa wa mwisho kuitwa. Hospitalini wa mwisho. Hata kugawiwa mbegu, wa mwisho. Hiyo alfabeti haiwezi siku moja kuanzia kwetu?"

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuondoka. Alikuwa akingoja jibu. Nami nilijua kwamba kuigeuza orodha ianzie chini ni kazi ya dakika kumi, na kwamba katika miezi yote niliyoishughulikia orodha ile sikuwahi kuliwaza. Nikaketi pale pale uani, chai ikipoa, nikaongeza kitufe kimoja juu ya majina, nikakiandika Geuza. Chama kikaamua: Jumapili moja majina yataitwa kuanzia juu, Jumapili inayofuata kuanzia chini.

Zamu yake ilipofika alipokea faranga 135,000, na Jumatatu magunia ya viazi kutoka Musanze yakashushwa mlangoni kwake. Shangazi bado anaandika daftari sambamba na kompyuta. Simwambii tena aliache. Kila baada ya mkutano huketi navyo vyote viwili, anahesabu majina kwa kidole upande huu, kisha upande ule, na namba zikilingana ndipo anafunga kompyuta.